Machela ya Timu ya Nyumbani

Tunduru, Jumapili, tarehe 10 Agosti. Leo ni siku ya mia moja na kumi na tatu tangu nitoke nyumbani Msamala na begi la mgongoni, nikakudanganya kwamba kilichonitoa ni mawe ya vito tu.

Mwanangu Editha,

Nimeanza kuandika tangu kulipopambazuka. Wenzangu wamelala, maana Jumapili hatushuki shimoni. Kondakta wa basi la saa sita amekubali kuibeba barua hii mpaka stendi ya Songea, na kaka yako ataipokea jioni. Isome leo. Usiiweke mpaka uwe ndani ya basi, kwa sababu kesho asubuhi, kabla ya basi lako la Mbeya la saa nne, utapita kwa Mwalimu Oswini kumuaga, na kuna jambo atakusimulia kama mimi sijakusimulia. Aliniambia hivyo mwenyewe, uso kwa uso. Nataka ulisikie kwangu kwanza. Si ujasiri. Naogopa tu kwamba ukishalisikia kwake hutataka tena kunisikiliza mimi.

Mambo ya nguo, chakula na chumba cha kupanga mama yako ameyamaliza. Mimi niliishia darasa la sita, na kwa kazi yako mpya sina cha kukufundisha isipokuwa kitu kimoja nilichokifanya vibaya.

Wewe unamjua Mwalimu Oswini kwenye kiti chake cha magurudumu, pale pembeni ya uwanja wa shule, anafundisha vijana sheria za mpira na kuwapigia kelele. Yeye ndiye aliyekuvalisha saa mbili mkononi, moja isiyosimama na moja unayoisimamisha kila mpira unaposimama. Kwa mikono yake umefika hapo ulipo, mwamuzi wa akiba wa ligi, mwenye kunyanyua kibao cha dakika za nyongeza mbele ya maelfu ya watu. Nilipopata habari kwamba umeteuliwa nilikuwa kwenye banda la chai. Watu walinipongeza. Nililipa chai yao, nikarudi nyumbani, kesho yake nikapanda basi la Tunduru. Sasa unajua nilikuwa nakimbia.

Ulikuwa na miezi saba. Nilikuwa kibarua wa uwanja wa mjini: nafyeka majani, napiga chokaa mistari, na siku ya mechi navaa fulana ya njano na kubeba machela. Tulikuwa wawili, mimi na Kasimu, mtu wa huku Tunduru aliyeoa Songea. Hakuna aliyetufundisha lolote kuhusu kubeba mtu aliyeumia. Tulichofundishwa na viongozi wa timu ni hiki: tukiwa tunaongoza, machela inatembea. Tukiwa tumefungwa au tunatafuta bao, machela inakimbia. Mchezaji wetu akianguka tukiwa mbele, Kasimu alikuwa anasahau mkanda, anarudi kuuchukua, tunafika, tunapumzika, tunamlaza mtu kama yai. Mchezaji wa wageni akianguka wakati wanatafuta sare, alikuwa hajamaliza kulia tayari yuko nje.

Na tulikuwa na mchezo wetu mwingine. Tulikuwa tunauita kumwaga mchele. Mgeni akijiangusha ili kula dakika, tunamkimbiza mpaka nje ya mstari, halafu mimi niliyeko kichwani nainamisha machela ghafla, mtu anabingirika kwenye nyasi. Kwa kawaida anaruka juu kwa hasira, mzima kabisa, na uwanja mzima unaangua kicheko. Amejiumbua. Watu walikuwa wanakuja mpirani wanasubiri hilo. Jukwaa la upande wa jua lilikuwa linaimba: "Mwaga! Mwaga! Mwaga!" Na mimi, Editha, mtu ambaye hata balozi wa nyumba kumi alikuwa hakumbuki jina langu, nilikuwa naimbwa na uwanja mzima. Nilipenda sana. Sitakudanganya hapo.

Siku yenyewe ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Sare inatushusha daraja, ushindi unatubakiza. Wageni sare iliwatosha. Beki wao wa kati alikuwa Oswini, kijana wa hapo hapo, kazaliwa Songea, kasoma Songea, kaenda kuchezea wengine. Unaweza kufikiria alivyopokelewa. Tangu anapasha misuli walikuwa wanamwita msaliti, wanamuuliza kama mama yake anajua amekuja kumuua nani.

Na yeye aliutafuna muda bila aibu. Lazima nikwambie na hilo, hata yeye halikatai. Mpira wa kurusha anauendea kama anakwenda kuposa. Kamba za viatu alizifunga mara nne. Aliguswa bega akashika goti. Tulimtoa kwa machela kipindi cha pili, nikamwaga mchele, akaruka, akanikazia macho, akacheka. Akaniambia, "Braza, leo mtalala mapema, mmeshashuka." Uwanja ulisikia kicheko chake. Tangu hapo nilikuwa simwoni mchezaji tena. Nilikuwa naona mtu anayenicheka mbele ya watu wangu.

Zikabaki dakika tano. Kona yetu ikapigwa, watu wakaruka, Oswini akashuka vibaya, kichwa kwanza, na mshambuliaji wetu akamwangukia juu. Akabaki pale pale amelala chali.

Jukwaa likachemka.

"Mleteeni neti na shuka alale vizuri!"

"Mpelekeni leba, anajifungua!"

"Refa, saa yako imekufa?"

Mwamuzi akatuita kwa mkono, akasema, "Haraka, haraka!" Kisha akatazama saa yake. Daktari wa wageni alikuwa mtu mzima, mnene, anakimbia na mkoba kutoka upande wa pili. Sisi tulifika kabla yake.

Oswini alikuwa macho wazi. Hakushika goti wala tumbo, hakugaagaa. Miaka yote hii ndicho ninachokirudia kichwani: mtu aliyegaagaa tangu dakika ya kumi, safari hii alikuwa ametulia tuli. Akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, usininyanyue. Miguu siisikii."

Nilisikia kila neno. Sitaki uje ufikiri kwamba kelele zilikuwa nyingi.

Kasimu naye alisikia. Akasema, "Tumngoje daktari wao."

Nikamjibu, "Tungoje nini? Dakika zinakwenda. Sinema hiyo."

"Mwenzangu, huyu hachezi sinema."

"Shika miguu."

Akashika. Mimi nikamkamata Oswini chini ya makwapa, kichwa chake kikaning'inia nyuma kikagonga mapaja yangu, tukamtupia kwenye machela na kukimbia. Daktari alikuwa anapiga kelele nyuma yetu, "Shingo! Shingo yake!" Jukwaa linaimba, "Mwaga! Mwaga!" Tulipovuka mstari wa chokaa, mstari niliouchora mwenyewe asubuhi ile, nikainamisha.

Hakuruka. Alibingirika mara moja akabaki uso chini, mkono mmoja chini ya kifua. Na watu wakacheka, kwa sababu kutoka kule juu ilionekana ni mbishi tu. Mtu mmoja akapaza sauti, "Huyu ana kipaji!" Nami nilicheka. Nilicheka mpaka nilipomwona daktari amepiga magoti anamtoa nyasi mdomoni ili avute pumzi.

Kibao kikanyanyuliwa, dakika sita. Dakika ya tano ya hizo sita tukapata bao. Mwanangu, mji ule hujauona ukifurahi namna ile. Watu waliingia uwanjani, wakambeba mfungaji, wakambeba kocha, kisha wakanibeba na mimi. Waliimba, "Machela! Machela! Katuokolea dakika!" Nikiwa juu ya mabega ya watu niliona gari lililombeba Oswini linatafuta njia ya kutoka getini, na watu wetu wanalipigapiga bodi lake wakicheza. Dereva anapiga honi, wao wanadhani naye anashangilia.

Msimu uliofuata tulishuka daraja vile vile.

Hospitalini walisema shingo ilivunjika. Ilivunjika alipoanguka, au nilipomnyanyua, au nilipommwaga, daktari alisema haijulikani. Nimeishi ndani ya neno hilo miaka yote. Likichakaa huwa nahamia kwa mwamuzi: si alisema haraka? Halafu nahamia kwa Oswini mwenyewe: si alidanganya mechi nzima, nani angemwamini? Zote ni hoja, na ukizisema kwenye banda la chai utapata watu wa kukuunga mkono. Lakini mimi nilimwamini. Hapo ndipo hoja zote zinapoishia. Alipotulia vile nilijua kabisa kwamba ameumia, na nikamnyanyua, kwa sababu tulikuwa tunatafuta bao.

Kasimu alivua fulana yake ya njano pale pale, akaitundika kwenye uzio, akaondoka kabla ya bao. Hakubeba tena. Tukikutana sokoni alikuwa ananisalimia vizuri, ananiuliza hali ya watoto, lakini hakukaa na mimi tena meza moja mpaka alipohama. Mimi niliendelea miaka mitatu zaidi. Hilo nalo lijue.

Mama yako anajua. Nilimkataza kukuambia, tena nilimkataza kwa ukali. Usimlaumu yeye.

Ukakua, ukaupenda mpira, na katika walimu wote wa mji ule ukamchagua yeye. Ulikuwa unasukuma kiti chake mpaka uwanjani, unarudi nyumbani umejaa vumbi, kila sentensi inaanza na "Mwalimu amesema". Unakumbuka jioni moja tukila ugali na dagaa wa Nyasa, ulikuwa kidato cha pili, ukasema, "Baba, Mwalimu anasema alianguka mpirani hapa hapa mjini. Si ulikuwa unafanya kazi uwanjani enzi hizo? Ulimwona alivyoanguka?"

Mama yako akaacha kutafuna.

Nikakwambia, "Nilikuwa upande wa pili, sikuona vizuri."

Ukasema, "Pole yake," ukaendelea kula. Uongo mwingi nimeusema maishani, wa baa, wa kazini, wa kwa mjumbe. Huo ulikwenda laini kuliko wote.

Kesho yake nilikwenda kwake. Nilikuwa sijawahi kwenda. Nilimkuta barazani anatengeneza filimbi kwa pini ya nywele. Nilikuwa nimepanga maneno, yakanipotea, nikamwambia tu, "Mwalimu, mimi ndiye baba yake Editha."

Akasema, "Najua wewe ni nani. Nilikuona kwa chini. Sura inayoonwa kwa chini haisahauliki."

Nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza.

"Nyamaza kwanza. Siku ile nilipoteza muda tangu dakika ya kumi. Mimi nilikuwa mwizi wa dakika, tena mzuri, na nilikuwa nalipwa kwa hilo. Hilo ni langu. Lile lingine ni lako. Usiyachanganye ili lako lipungue uzito."

"Nimekuja uniambie nifanye nini."

"Hakuna. Unataka nikupe kazi uifanye, umalize, ulale? Sina kazi. Sikusamehe. Usije tena kuniuliza."

Nikamuuliza kwa nini basi anakufundisha wewe. Akacheka kile kicheko chake, hakijabadilika hata kidogo.

"Binti yako ana macho. Mtu akianguka yeye hamtazami aliyeanguka peke yake, anamtazama na anayemkimbilia. Watu wa namna hiyo ni wachache. Ningemfundisha hata kama baba yake angekuwa shetani. Na karibu iwe hivyo."

Halafu akaweka filimbi chini.

"Siku atakayoondoka kwenda kuchezesha ligi, awe anajua. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi atakapokuja kuniaga. Na nikimwambia mimi, sitaacha hata neno moja. Hata lile la sinema."

Nilikuwa na miaka minane ya kukwambia. Nimeitafuna yote, Editha. Kila sikukuu nilisema baada ya mtihani, kila mtihani nilisema baada ya mavuno. Ukanitangulia, ukateuliwa, nikaja kujificha kwenye shimo la mtu.

Na usidhani huku nimegeuka mtu mwema. Wiki mbili zilizopita mwenzetu mmoja, kijana wa Namtumbo, alikaa chini katikati ya kazi akasema hawezi tena, anaona giza. Msimamizi akamtukana, "Hapa hatulei wavivu, unatupotezea muda." Wengine wakacheka. Mimi nilimwona jasho lilivyokuwa linamtoka, baridi, na nilijua. Niliendelea kuchimba. Mtu mwingine ndiye aliyemshika mkono akamtoa juu. Ilikuwa malaria, amepona, yuko hapa anakoroma ninavyoandika. Nimekwambia ili ujue kwamba kosa kubwa halimfundishi mtu kama watu wanavyosema. Mimi lilinifundisha kuogopa tu.

Sasa wewe kesho kutwa utasimama pale, kati ya mabenchi mawili, na watu wa machela watakuwa hatua tatu kutoka kwako. Najua Mwalimu amekufundisha yote kuhusu kipa anayekumbatia mpira, na siku hizi zikizidi sekunde nane ni kona. Amekufundisha kuhusu mchezaji anayetolewa, ambaye ghafla anataka kumpa mkono kila mtu uwanjani. Hao ni wepisi, wanaonekana. Mimi nakuambia kuhusu wale wasiotazamwa na mtu. Watazame wabeba machela kabla ya mechi. Utawajua. Watakuwa wamevaa rangi za kawaida, lakini timu ya nyumbani ikikosa bao watashika vichwa. Wakikimbia kuliko kawaida, jiulize matokeo ni ngapi kwa ngapi. Wakitembea, jiulize vile vile. Msimamizi wao uwanjani ni wewe. Wakitaka kuingia kabla ya daktari, wazuie kwa mkono, kwa mwili, kwa lolote. Watakutukana, watakuita majina ya kike yote mabaya, jukwaa litakuuliza umeolewa na nani kati ya wageni. Simama hapo hapo.

Na huyo aliyelala, huenda anakudanganya. Mara nyingi atakuwa anakudanganya. Atakufanya mjinga, ataamka anakimbia kama swala na watu watakucheka. Vumilia kuchekwa. Muda alioula una dawa: unayo saa ya pili, unazihesabu zile dakika, unamwambia mwamuzi wako, zinarudishwa zote uwanjani, hata zikiwa kumi na mbili, hata viongozi wakija juu. Dakika zinarudishwa. Mimi nilitaka kuzirudisha kwa mikono yangu, kwa mwili wa mtu mwingine.

Zaidi ya hapo sina. Nimeisoma barua hii tena nikaona nimeandika mahali pengine kama vile nataka unionee huruma. Nilitaka kufuta, lakini karatasi zimebaki mbili na kondakta hangoji. Paruke hapo.

Kesho ukifika kwake, msalimie shikamoo kama kawaida, umwambie kwamba nimekwambia. Atakuuliza maswali kuhakikisha kwamba sikukata kitu. Mjibu. Akiongeza neno ambalo humu halimo, mwamini yeye. Baada ya hapo fanya unavyoona. Kama utataka niache kutaja jina lako kwa watu, nitaacha. Kama utataka kunitukana, nitukane, simu huku inashika juu ya kilima, na Jumapili huwa napanda. Mimi sitakupigia. Sitaki upokee kwa adabu tu.

Nilikuwa nimepanga kukaa huku mwaka mzima, mpaka watu wachoke kuuliza baba yake refa yuko wapi. Nimebadilisha. Mvua za kwanza zikijaza mashimo haya hatuna kazi, kwa hiyo nitashuka stendi ya Songea wiki ya pili ya Desemba, kwa basi la mchana, watu wakiniona. Mama yako nimemwandikia karatasi yake. Wewe utakuwa Mbeya katikati ya ligi. Usiombe ruhusa kwa ajili yangu.

Baba yako